Tuliza Ngozi Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuielewa na Kuitunza Ngozi Yako

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nimejaribu kila kitu, mbona ngozi yangu haitulii?" Nikimwomba mtu anitajie alivyotumia kwa miezi mitatu iliyopita, orodha huwa ndefu: sabuni tatu, krimu mbili za madoa, kichupa alichopewa na rafiki, na dodoki kila asubuhi. Kila kimoja kilipewa siku nne, labda wiki, kisha kikaachwa na kingine kikachukua nafasi yake. Ngozi haitulii kwa sababu haijawahi kupewa nafasi ya kutulia.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo. Ufuate kwa mpangilio wake. Wengi hukimbilia hatua ya saba, ile ya dawa, wakaziruka zilizotangulia, na hapo ndipo kazi yote inapoharibikia.

## Vitu vya kuandaa

- Kisafishaji laini cha uso, kisicho na manukato wala chembechembe za kusugulia.
- Krimu au losheni ya kulainisha, yenye gliserini au seramidi. Ngozi ya mafuta itafaa zaidi na losheni nyepesi au jeli. Ngozi kavu itataka krimu nzito.
- Mafuta ya mgando yasiyotiwa manukato.
- Krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha nguvu ya kinga hiyo), iliyoandikwa kwamba inakinga miale ya UVA na UVB pia, aina mbili za miale ya jua zinazodhuru ngozi.
- Taulo dogo laini la uso peke yake.
- Daftari, na simu yenye kamera. Usivipuuze. Bila kumbukumbu utadanganywa na kioo cha asubuhi moja mbaya.

Huhitaji tona, barakoa za uso, brashi za umeme wala scrabu. Dawa ya chunusi au ya madoa usiinunue bado.

Unaposoma lebo, tofautisha bidhaa *isiyonukia* na bidhaa *isiyotiwa manukato*. Ya kwanza inaweza kuwa imetiwa kemikali ya kuficha harufu, na hiyo nayo huweza kukuwasha. Unayoitaka ni ya pili. Tafuta pia kijichoro cha kopo lililofunguliwa kifuniko: namba iliyo ndani yake, kwa mfano 12M, ni miezi ambayo bidhaa inafaa kutumika tangu siku uliyoifungua. Andika tarehe hiyo chini ya kopo.

## Hatua ya 1: Acha kila kitu kwa wiki nne

Kwa wiki nne utatumia vitu vitatu tu: kisafishaji, kilainishi na kinga ya jua. Namna ya kuvitumia imo katika hatua ya 2 hadi ya 4.

Kwa nini? Sehemu ya nje kabisa ya ngozi ni seli zilizokufa, bapa, zilizopangwa kama matofali. Kinachoyashika matofali hayo ni mafuta maalumu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huo una kazi mbili, kuzuia maji ya mwili yasitoke na kuzuia vichokozi visiingie. Nao ni mwembamba mno. Katika sehemu kubwa ya mwili, tabaka lote la juu la ngozi lina unene wa takribani milimita 0.1, na kwenye kope ni pungufu zaidi.

Ukisugua na kuosha kupita kiasi, yale mafuta huyeyuka na ukuta hupata nyufa. Maji yanavuja, ngozi inakaza, vipele vidogo vinajitokeza. Mwenye ngozi akiviona anadhani ni uchafu, anaongeza kuosha, na ukuta unazidi kubomoka. Watu wengi niliowaona wakihangaika na "chunusi sugu" walikuwa wakiuchokonoa ukuta ulioharibika.

Wiki nne si namba ya kubahatisha. Seli ya ngozi ya kijana huchukua takribani wiki nne kusafiri kutoka chini ilikozaliwa hadi juu inakopukutika, na umri ukisonga safari hiyo hurefuka. Ukibadilisha bidhaa kila wiki unaihukumu ngozi ambayo haijamaliza hata mzunguko mmoja.

Utajuaje kwamba ukuta wako umeharibika? Maji matupu yanachonyota. Uso unang'aa kwa mafuta na papo hapo unahisi umekaza. Krimu uliyoizoea sasa inaunguza. Vitabu vingi husema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi: tazama rangi ya zambarau, kijivu, au weusi uliozidi sehemu za jirani, kisha gusa kwa mgongo wa vidole. Ngozi iliyochokozwa huwa na joto.

Onyo. Kuna watu wawili wasioihusu hatua hii kama ilivyo. Wa kwanza ni aliyeandikiwa dawa na daktari, aendelee nayo. Wa pili ni aliyetumia kwa muda mrefu krimu zenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho, zikiwemo nyingi za kung'arisha na mikorogo. Steroidi ikikatwa ghafla, ngozi inaweza kulipuka kwa mwasho, uvimbe na kuungua vibaya kuliko mwanzo. Huyo amwone daktari apangiwe namna ya kuipunguza. Namwomba sana asione haya kusema alichokuwa akitumia.

Ukifanikiwa: mwisho wa wiki ya pili uso hauchonyoti tena ukiguswa na maji. Mwisho wa wiki ya nne vile vipele vidogo vya mchokozo vimepungua, au vimekwisha bila dawa yoyote.

## Hatua ya 2: Osha bila kubandua

Tumia maji vuguvugu. Maji ya moto huyeyusha mafuta ya ukuta kama yanavyoyeyusha mafuta ya sufuria.

Lowesha uso, weka kisafishaji kidogo kwenye vidole, zungusha taratibu kwa sekunde 30 hadi 60, kisha suuza vizuri, hasa kwenye mstari wa nywele na chini ya taya ambako povu hupenda kujificha. Gandamiza taulo usoni linyonye maji. Usifute kwa kuburuta.

Osha usiku kila siku, kwa kuwa usiku ndipo unapoondoa jasho, vumbi na kinga ya jua. Asubuhi, mwenye ngozi kavu anaweza kutumia maji tu. Zaidi ya mara mbili kwa siku ni kujitafutia matatizo, isipokuwa umetoka jasho jingi.

Kwa nini si sabuni ya kipande ya kawaida? Uso wa ngozi yenye afya una asidi kidogo, pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi inapungua). Sabuni ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Kila ukiipaka, ngozi inabidi ifanye kazi ya saa kadhaa kuirudisha hali yake, na bakteria wabaya hupenda mazingira hayo mapya.

Dodoki na brashi viache mbali na uso. Uso hauna sugu ya kukwanguliwa, na kwenye ngozi nyeusi kila msuguano wa mara kwa mara huacha weusi. Nimeona mabaka ya mashavuni yaliyosuguliwa miaka ili yatoke, kumbe kusugua ndiko kulikoyaleta.

Jambo dogo linalosahaulika: vipele vinavyojipanga kwenye paji la uso, karibu na nywele, mara nyingi hutokana na mafuta ya nywele yanayoteremka. Paka mafuta ya nywele mbali na mstari wa uso, na fua foronya kila wiki.

Ukifanikiwa: dakika tano baada ya kuosha, uso ni laini na haukazi. Ule "usafi" wa ngozi inayokwaruza kidole kama sahani iliyooshwa ni dalili kwamba umebandua mafuta ya ukuta.

## Hatua ya 3: Lainisha ngozi ingali na unyevu

Hapa kosa ni moja, na linafanywa karibu kila mahali: mtu anaoga, anajikausha kabisa, anavaa, anafanya mambo yake, kisha baadaye anakumbuka mafuta. Ngozi imeshakauka. Mafuta aliyopaka yanafungia ukavu ndani.

Vilainishi vina kazi tatu. Kuna vinavyovuta maji, kama gliserini, urea na asidi ya hailuroniki. Kuna vinavyojaza nyufa kati ya seli, kama seramidi na mafuta laini. Kuna vinavyofunika juu maji yasitoroke, na katika kundi hili mafuta ya mgando ndiyo mfalme. Ila mafuta ya mgando hayana maji yao wenyewe. Yanalinda tu yaliyopo. Ndiyo maana mtu hujipaka mara tatu kwa siku na bado anapauka.

Fanya hivi:

1. Oga kwa dakika tano hadi kumi, usizidishe.
2. Gandamiza taulo mwilini, uache unyevu mwembamba.
3. Ndani ya dakika tatu, paka losheni au krimu.
4. Sehemu zinazopauka sana, kama viwiko, magoti, miundi na visigino, ongeza mafuta ya mgando juu ya losheni.

Mwenye ngozi ya mafuta usiiruke hatua hii. Mafuta yanayotoka kwenye vinyweleo si maji, na ngozi inaweza kuwa na mafuta tele juu huku chini ina kiu. Tumia losheni nyepesi, na lebo iseme haizibi vinyweleo. Mafuta ya mgando uyaache kwa midomo na mwili.

Ukifanikiwa: ukijikuna muundi kwa ukucha saa nane mchana, hakubaki mstari mweupe.

## Hatua ya 4: Kinga jua, hata kama ngozi yako ni nyeusi

Najua wengi watataka kuipita hatua hii. Nisikilizeni kidogo.

Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inakinga, tena sana. Lakini kinga ya asili ya ngozi nyeusi sana imekadiriwa kuwa karibu na SPF 13 tu, chini ya ile 30 inayopendekezwa. Kwa wengi wetu hasara ya kila siku ni madoa, na hiyo hutangulia kuonekana kabla ya jingine lolote. Chunusi ikipona huacha doa, jua huligonga, doa linazidi kuiva. Anayetumia dawa ya madoa bila kinga ya jua anateka maji kwa pakacha.

SPF 15 huzuia takribani asilimia 93 ya miale ya UVB, SPF 30 asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Unaona kwamba kupanda kutoka 30 hadi 50 si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kiasi unachopaka. Kwa uso na shingo, chora mistari miwili mirefu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kisha uipake yote. Ukipaka robo ya hapo, SPF 50 yako haifiki hata karibu na 50.

Paka dakika 15 kabla ya kutoka, na urudie kila saa mbili ukiwa nje, au mara tu baada ya kuogelea au kutoka jasho jingi. Miale ya UVA hupenya kioo cha dirisha, kwa hiyo dereva na anayekaa dirishani wajihesabu wako nje.

Kwa mwenye madoa au mabaka ya mashavuni yanayokuja na ujauzito au homoni, tafuta kinga ya jua yenye rangi. Mwanga wa kawaida, ule tunaouona kwa macho, nao huchochea weusi kwenye ngozi nyeusi, na kinga nyingi zisizo na rangi haziuzuii mwanga huo. Oksidi ya chuma inayotia rangi kwenye krimu ndiyo inayouzuia. Faida ya pili ni kwamba haikuachi na weupe wa majivu usoni.

Onyo kwa wenye ualbino na wazazi wao. Ngozi isiyo na melanini, au yenye melanini kidogo sana, haina kinga ya kuitegemea, na saratani ya ngozi huwapata wakiwa na umri mdogo. Krimu peke yake haitoshi. Kofia ya ukingo mpana unaozunguka pande zote, mikono mirefu, miwani na kivuli ndivyo vya kwanza. Krimu ni ya kusaidia. Kidonda au gamba lolote lisilopona lionwe na daktari mapema, na ukaguzi wa kitaalamu uwe wa mara kwa mara.

Mtoto aliye chini ya miezi sita mweke kivulini na umvalishe nguo, badala ya kumpaka krimu.

Ukifanikiwa: baada ya miezi miwili au mitatu, madoa mapya yanafifia haraka kuliko ya zamani yalivyokuwa yakififia.

## Hatua ya 5: Sasa pima aina ya ngozi yako

Miongozo mingi huanza na hili. Mimi naliweka hapa kwa makusudi, kwa sababu ngozi iliyobabuka hutoa jibu la uongo: inaweza kujaa mafuta huku ni kavu kwa asili, au kuwasha kila mahali ukadhani umezaliwa na ngozi nyeti.

Mwisho wa wiki ya nne, osha uso jioni, ukaushe, usipake chochote. Kaa saa moja mbali na jiko na mbali na upepo wa feni. Kisha bandika karatasi ya shashi kwenye paji la uso, pua, kidevu na mashavu, moja kwa kila mahali.

- Karatasi zote zimelowa mafuta: ngozi ya mafuta.
- Paji, pua na kidevu zimelowa, mashavu hayana kitu: mchanganyiko. Wengi wako hapa.
- Hakuna mafuta, na uso umekaza au una magamba madogo: kavu.
- Hakuna mafuta ya maana na uso haukazi: kawaida.

Ngozi nyeti ni jambo jingine linaloweza kuambatana na aina yoyote kati ya hizo. Rudia kipimo baada ya miezi kadhaa, kwani umri, ujauzito, majira na dawa hubadilisha majibu.

## Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kupaka

Kila bidhaa mpya, hata ya bei mbaya, ipake kwanza kwenye kikunjo cha ndani cha mkono, eneo la ukubwa wa sarafu, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Mzio wa ngozi hauji siku ya kwanza tu. Mara nyingi hujitokeza baada ya siku kadhaa, ndiyo maana jaribio la usiku mmoja halitoshi. Pakiwasha, pakivimba au pakibadilika rangi, osha na uache. Dawa kali kama retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A, huweza kuwasha kidogo bila kuwa mzio, hivyo fuata maelekezo yake.

## Hatua ya 7: Ongeza dawa moja, na uipe muda

Chagua tatizo moja linalokusumbua kuliko yote. Dawa moja. Ukiongeza mbili kwa pamoja na ngozi ikaungua, hutajua ya kulaumiwa. Ikipona, hutajua ya kushukuru.

### Kama tatizo ni chunusi

Chunusi huanza kinyweleo kinapozibwa na mafuta na seli zilizokufa, bakteria wakazaliana humo, kisha mwili ukavimba kuwapinga. Uchafu wa nje hauhusiki sana, kwa hiyo kujiosha mara tano hakusaidii kitu.

Vitundu vyeusi na vipele vidogo visivyo na usaha: asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2, au adapalini ya asilimia 0.1.

Vipele vyenye usaha: benzoili peroksidi. Anza na asilimia 2.5. Yale ya asilimia 10 hayana nguvu ya maana zaidi kwa chunusi, ila huunguza zaidi. Tahadhari, dawa hii hupausha nguo, foronya na taulo.

Adapalini ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Ipake usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, juu ya ngozi iliyokauka kabisa. Usiiweke kwenye kipele kimoja kimoja, maana kazi yake ni kuzuia vinyweleo visizibe, na kinyweleo kitakachoziba kesho hukioni leo.

- Wiki ya 1 na 2: usiku mmoja, pumzika mbili.
- Wiki ya 3 na 4: usiku mmoja, pumzika mmoja.
- Wiki ya 5 kuendelea: kila usiku, kama ngozi inakubali.

Ikikuunguza, paka kilainishi kwanza, subiri dakika kumi, kisha dawa juu yake. Katika wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuongezeka. Hapa ndipo watu wengi huitupa dawa, wiki mbili tatu kabla haijaanza kuonyesha kazi. Matokeo ya kweli huja kati ya wiki ya 8 na ya 12.

Onyo: mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asitumie adapalini wala retinoidi nyingine. Amuulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo hutumika katika ujauzito.

Usitumbue chunusi. Kwenye ngozi nyeusi, kipele ambacho kingekwisha kwa wiki huacha doa la miezi, na kwa wenye asili ya makovu yanayovimba, jeraha dogo kifuani au taya linaweza kuzaa keloidi.

### Kama tatizo ni madoa

Kwanza hakikisha chunusi au mwasho unaoyaleta umekoma. Kisha chagua: asidi ya azelaiki ya asilimia 10 hadi 20, niasinamidi ya asilimia 4 au 5, au vitamini C. Vitamini C ikigeuka rangi ya kahawia kwenye chupa imekwisha nguvu, itupe.

Doa la kahawia liko juu na litafifia kwa miezi. Doa la kijivu au la bluu iliyofifia limezama chini, na linaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Ni vema ujue hilo mapema ili usiuziwe miujiza ya siku saba.

Onyo kubwa. Krimu inayoahidi kukung'arisha mwili mzima kwa siku chache mara nyingi huwa na kitu hatari. Zebaki huharibu figo, na kwenye lebo inaweza kujificha kwa jina la kalomeli au herufi Hg. Klobetasoli na betamethasoni ni steroidi kali: hukondesha ngozi, huleta michirizi na chunusi mpya. Haidrokwinoni ni dawa halali mikononi mwa daktari, kwa muda mfupi. Ukiitumia kwa miaka huweza kuleta weusi wa bluu usoni ambao ni vigumu mno kuutoa. Bidhaa isiyo na orodha ya viambato usiipake.

Limau, dawa ya meno na magadi navyo viache. Limau lina asidi kali, na likikutana na jua linaweza kuunguza ngozi hadi kutoa malengelenge.

Ukifanikiwa: piga picha ya uso siku ya kwanza, kisha kila wiki mbili, mahali palepale, mwanga uleule, saa ileile. Wiki ya 12 linganisha ya kwanza na ya mwisho. Pakiwa na nafuu, endelea. Pasipokuwa na nafuu yoyote, sasa una haki ya kubadilisha dawa, au kwenda kwa daktari.

## Hatua ya 8: Mwili uliobaki

Magaga. Loweka miguu dakika kumi, sugua kidogo kwa jiwe la miguu, paka krimu ya urea ya asilimia 20 hadi 25, kisha mafuta ya mgando, ulale na soksi. Mwenye kisukari asisugue wala kukata magaga mwenyewe. Kidonda kidogo mguuni kwake kinaweza kumgharimu mguu.

Vipele vya ndevu. Nywele zilizojikunja hurudi na kuichoma ngozi. Nyoa baada ya kuoga, fuata uelekeo wa nywele, usivute ngozi. Bora zaidi tumia mashine na uache urefu wa milimita moja hivi.

Katikati ya vidole vya miguu na kwenye mikunjo. Kausha vizuri. Losheni usiipake hapo, fangasi hupenda unyevu.

## Hatua ya 9: Kagua ngozi kila mwezi

Simama mbele ya kioo mahali penye mwanga, na kioo kidogo mkononi. Tazama mgongo, nyuma ya masikio, viganja, nyayo, kati ya vidole, chini ya kucha. Nyayo na kucha nazisisitiza kwa sababu kwa watu weusi saratani ya melanoma hujitokeza zaidi hapo, mahali ambapo hakuna anayetazama. Bob Marley aliugua melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Mwone daktari ukiona:

- doa lenye pande zisizofanana, kingo zisizo sawa, rangi zaidi ya moja, au linalokua;
- mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, hasa unaopanuka;
- kidonda kisichopona kwa wiki nne;
- baka lililopauka na kupoteza hisia, maana hiyo ni dalili ya ukoma, na ukoma unatibika kabisa;
- mwasho unaozidi usiku, hasa kati ya vidole, na wenzako nyumbani wanajikuna pia. Huenda ni upele wa kuambukizana, na mnatakiwa kutibiwa wote kwa pamoja;
- duara lenye kingo zilizoinuka na katikati pametulia. Hiyo huenda ni choa. Usiipake krimu ya steroidi. Mwasho utapungua siku mbili tatu, huku fangasi wakienea chini kwa chini.

Nenda hospitali mara moja midomo au uso vikivimba ukakosa pumzi, au ukianza dawa mpya ukapata malengelenge, ngozi ikachunika, vidonda vikatokea mdomoni au machoni.

Ukienda kwa daktari, usipake chochote siku hiyo, na toa rangi ya kucha. Beba lile daftari, zile picha, na kila kopo na kichupa ulichotumia, hata kile ulichokificha nyuma ya kabati.